Dekha wa Wajir na swali lake la harusini (uzi mrefu, vuta mkeka)

BintiNgamiani

Assalam aleikum wana jamvi, na habari za kutwa kwa wasioitikia hiyo.

Ijumaa iliyopita nilikuwa jikoni kwenye harusi, hapa hapa Ngamiani. Jiko la harusi ya Tanga mnalijua: mafiga uani, masufuria ya kukodi, wanawake kumi na tano, huyu kakalia mbuzi anakuna nazi, yule anachambua mchele, mwingine na vitunguu saumu vyake, na maneno yanapikwa humo humo. Siku hiyo yaliinjikwa masufuria mawili ya pilau. Siyo kwamba waalikwa walikuwa wengi. Kundi moja halili kilichotiwa mkono na kundi la pili. Chanzo hela ya upatu, na huu ni mwezi wa saba. Wamekaa wamepeana migongo, moshi mmoja unawaliza wote, na mwenye harusi masikini anakimbia huku na huku na kibakuli cha bizari kama mjumbe wa Umoja wa Mataifa.

Hapo nikamkumbuka Dekha Ibrahim Abdi.

Mkenya, Msomali wa Wajir, alifariki 2011. Habari zake nilizisikia kwanza kwenye semina ya siku tatu. Nilikwenda kwa ajili ya posho, sina haja ya kudanganya. Posho iliisha wiki ile ile, Dekha hajanitoka mpaka leo. Nataka niwaandikie, maana vijana wetu ukiwauliza mpigania amani wa Afrika wanakutajia Mandela, wanakutajia Tutu, halafu wanaangalia juu.

Naandika kwa simu, kwa hiyo nitashusha vipande vipande. Wa "weka picha" wasubiri.

Kaa Mkekani

Nimewahi siti ya mbele. Chai ipo, mkate wa kumimina upo. Shusha.

BintiNgamiani

Tuanze na Wajir yenyewe, bila hivyo hamtaelewa.

Kaskazini mashariki mwa Kenya, nchi ya ngamia na visima. Mwingereza aliufungia upande ule peke yake, kuingia na kutoka kwa kibali. Uhuru ulipofika 1963 wengi wa kule walitaka kuungana na Somalia, ikazuka vita ya shifta, ndivyo serikali ilivyowaita hao wapiganaji wa kutaka kujitenga, hadi 1967. Vita ikaisha, sheria ya hali ya hatari ikabaki pale pale mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990. Dekha amezaliwa 1964. Piga hesabu mwenyewe: utoto wake wote na ujana wake wote umepita chini ya sheria hiyo.

Februari 1984, yeye akiwa msichana wa kama miaka ishirini, wanajeshi waliwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia, wakawapeleka kwenye kiwanja cha ndege cha Wagalla, nje kidogo ya mji wa Wajir. Siku kadhaa juani, wamevuliwa nguo, hawana maji. Kisha risasi. Serikali kwa miaka mingi ilishikilia kwamba waliokufa ni 57. Walionusurika wakisema hesabu inafika maelfu. Mpaka leo ukimtajia mtu wa Wajir neno Wagalla, mazungumzo yanabadilika.

Sasa katika mji huo huo kuna mtoto wa kike anasoma darasa moja na watoto wa makabila mengine na dini nyingine. Watu wazima wanataka Waislamu wakae kwao na Wakristo kwao. Yeye na rafiki zake wakakataa. Walisaidiana, wakawa wanaulizana habari za dini zao, mwenzangu unaamini nini, mimi naamini hivi. Naona mbegu ilikuwa hapo, ingawa watu wanapenda kuanzia kwenye tuzo.

Mzee wa Deep Sea

Bibie, unaandika vizuri ila nenda kwenye jambo. Kavaa bunduki au kafanya nini?

BintiNgamiani

Mzee wangu shikamoo. Punguza pupa, chewa hajaingia wavuni.

Januari 1991 rais wa Somalia, Siad Barre, akaanguka. Wakimbizi wakavuka mpaka, na bunduki zikavuka nao. Juu yake ukame, mifugo inakufa. Juu yake tena uchaguzi wa vyama vingi wa Desemba 1992, viti vya ubunge vikagombewa kwa ukoo. Ajuran, Degodia, Ogaden. Watu waliokuwa wanaoleana na kunywesha ngamia kisima kimoja wakawa wanachinjana. Magari yanatekwa, maduka yanachomwa, watumishi wa serikali wanaomba uhamisho.

Usiku mmoja, Julai 1993, risasi zikalia karibu na nyumba ya Dekha. Akamnyakua mtoto wake wa kwanza, wakaingia mvunguni mwa kitanda. Masaa. Risasi zinapita chumbani. Kulipokucha mama yake akamwambia: mwaka 1966 mimi nilikuficha wewe mvunguni hivi hivi.

Nilipolisikia hilo pale kwenye semina niliacha kuandika. Mwezeshaji aliendelea na mambo yake ya ubaoni, mimi nimebaki mvunguni. Bibi, mama, mjukuu, na kitanda ni kile kile. Dekha alisema mwanangu hatamficha mwanawe.

Somo wa Chumbageni

Ya Rabi. Mimi nina binti wa miaka minne, nimeangalia mvunguni kwangu hapa nikaona ndala na beseni tu, nikashukuru.

BintiNgamiani

Haya, harusini sasa.

Yeye na wanawake wenzake wachache, hawafiki kumi na wawili, walikuwa kwenye harusi. Harusi inawachanganya watu, hata wa koo zinazopigana, kwa sababu bwana harusi wa huku na bibi harusi wa kule. Wakaanza kuzungumza: hivi haya yataisha lini? Na sisi tunafanya nini? Hakuna aliyewaita, wala hapakuwa na mradi. Nafikiri vinywaji vilikuwa vinapita na watoto wanalia, kama harusi zote.

Kabla ya kuunda chochote likawekwa swali mezani. Hili ndilo lililonifanya nianzishe uzi. Kwa maneno yangu: ikiwa ukoo wangu utawaua ndugu zako wote, wewe bado utakaa na mimi tufanye kazi ya amani? Kama huwezi kusema ndiyo, usijiunge.

Rudia kulisoma. Siyo "tunapenda amani, oyee". Siyo kufunga vitambaa vyeupe. Kwanza ujipime kwenye lile baya kuliko yote, halafu ndiyo ukae mkekani.

Nyundo

Samahani dada, lakini hizi hadithi za mashirika nazijua. Mzungu analeta dola, wanawake wanapangwa mstari wanapigwa picha, ripoti inaandikwa. Amani haitengenezwi na semina.

BintiNgamiani

Nyundo, hapo kwenye semina tuko pamoja, nimeshasema mimi nilifuata posho. Lakini hawa walianzia harusini, wafadhili walikuja baadaye wakakuta kazi imeshasimama. Na kazi yenyewe ya kwanza haikuwa semina. Ilikuwa sokoni.

Soko la Wajir likawa limegawanyika kwa ukoo. Mama wa ukoo fulani akileta maziwa ya ngamia hawezi kuuza, wa ukoo mwingine haruhusiwi kununua kwake, na pengine wanapigana hapo hapo, wanawake kwa wanawake, kandokando ya vibuyu vya maziwa. Wakina Dekha wakaona tusianze na katiba, tuanze na maziwa. Wakasema soko ni la kila mwanamke, auze na anunue bila kuulizwa ukoo. Wakaweka wenzao wa kuangalia kila siku. Ukizuka ugomvi wanauwahi ukiwa bado matusi.

Mimi nauza vitumbua. Najua soko likivurugika nani analala njaa. Bunduki anashika mwanamume porini, lakini kibuyu cha maziwa kikirudi nyumbani kimejaa, kimeganda, anayejua atawaambia nini watoto ni yule aliyekibeba.

Mzee wa Deep Sea

Hapo umenena. Hata kwetu pwani mnada ukivurugika asubuhi, jioni hakuna rafiki. Ila wazee wa Kisomali walikubali kuamrishwa na wanawake?

BintiNgamiani

Hawakuamrishwa mzee wangu, waliombwa. Na hapo ndipo akili ya hawa wanawake ilipo.

Walijua wakimweka mzee wa ukoo mkubwa kuendesha kikao, mwingine atanyanyuka. Akatafutwa mzee wa ukoo mdogo kabisa, ambao haumtishi mtu. Akawauliza wakubwa wale: tunapigana kwa nini hasa? Na nani anafaidika? Maneno mepesi, lakini yatokayo kwa mtu asiye na jeshi yanakupa nafasi ya kujibu bila kuona umeshindwa. Wanawake wakabaki pembeni kwa adabu zao zote, na kikao ni wao waliokipika.

Septemba 1993 wazee wakatia saini Azimio la Al Fatah. Wizi wa mifugo na mauaji yana utaratibu wa kushughulikiwa, na mhalifu anatafutwa yeye kama yeye, siyo ukoo mzima.

Wakaenda kwa vijana wenye bunduki pia. Vijana walisema sawa tunaweka silaha chini, tunakula nini? Swali la haki. Ikabidi watafutiwe shughuli. Wakaenda kwa wafanyabiashara, kwa masheikh, kwa mkuu wa wilaya. Kukawa na kikundi cha kukimbilia kwenye tukio, wazee na wanawake na mtu wa serikali ndani ya gari moja, kabla kisasi hakijapigiwa simu. Mwaka 1995 yote hayo yakaungwa kwenye mfumo wa maendeleo wa wilaya, ndiyo ile Kamati ya Amani na Maendeleo ya Wajir. Wilaya nyingine za Kenya zikaja kuiga.

Somo wa Chumbageni

Swali la pembeni. Si kwa mila zao damu ya mwanamume hulipwa ngamia 100 na ya mwanamke ngamia 50? Huyo mpigania haki za binadamu hilo alilionaje?

BintiNgamiani

Somo, una jicho. Ndiyo, kimila ni hivyo, mia na hamsini. Na mimi linanikera. Lakini angalia alivyotembea: aliingia na mila ile ile iliyokuwepo kwa sababu wazee walikuwa wanaiheshimu kuliko mahakama ya Nairobi, ambayo kwao iliwafikia zaidi kwa buti la askari. Mwanamke ambaye damu yake inahesabiwa nusu ndiye aliyewakalisha hao wenye hesabu nzima. Unaweza kusema ilitosha au haikutosha. Mimi nasema angesubiri mila inyooke kwanza, mtoto angekuwa bado mvunguni.

Chuma cha Mkonge

Uzi mtamu, ila kila siku tunasifia wa nje. Bibi Titi Mohamed je? Kwa nini usimwandikie?

BintiNgamiani

Bibi Titi ana uzi wake, inshallah. Simchanganyi na mtu ndani ya sinia moja.

Naendelea. Dekha kutoka Wajir akawa mwalimu wa watu. Alizunguka Afrika na kwingine akifundisha, na mwaka 2000 akatoa na wenzake kitabu cha mbinu za kukabili migogoro. Kuna zana mbili za humo nilizipenda. Ya kwanza mti: tatizo ni shina, matokeo matawi, sababu mizizi, na watu wengi tunapoteza siku kukata matawi. Ya pili kitunguu. Ganda la nje ni yale mtu anayoyasema, la kati ni anachokitaka kweli, la ndani kabisa ni kile asichoweza kuishi bila hicho. Watu wa jikoni tulielewa kabla mwezeshaji hajamaliza kuchora, ila hakututajia kwamba kitunguu ukikimenya kinakuliza wewe unayemenya.

Alikuwa Mwislamu wa kushika dini na hakuificha dini yake mlangoni akiingia kwenye vikao. Qur'ani aliichukua kama chombo cha kujichunguza yeye mwenyewe kwanza. Ndiyo maana nasema watu wetu wa Tanga wangemwelewa haraka kuliko huko alikopewa tuzo.

Tuzo nazo, upesi upesi: 2007 alipewa Right Livelihood, ile wanayoiita Nobel mbadala, na 2009 tuzo ya amani ya jimbo la Hessen, Ujerumani. Ile ya kwanza alikabidhiwa Stockholm Desemba 2007. Mwezi haujaisha, Kenya ikawaka.

Kaa Mkekani

Nakumbuka! Nilikuwa Horohoro kipindi kile. Watu wanavuka kuja huku kimya kimya, hamna anayesema jina lake la pili.

BintiNgamiani

Shangazi yangu alikuwa Mombasa. Tulikuwa tunampigia, simu inakatika, vocha kwao hazipatikani. Mama alikaa na tasbihi mkono mmoja, simu mkono wa pili.

Matokeo ya urais yalitangazwa tarehe 30 Desemba 2007. Nyumba zikaanza kuungua usiku huo huo. Watu watano wakakutana Nairobi: Balozi Bethuel Kiplagat, Jenerali Daniel Opande, Jenerali Lazaro Sumbeiywo, George Wachira, na Dekha. Majenerali wawili wastaafu, balozi, mtafiti, na mama wa Wajir. Wakajiita Raia Wanaojali Amani. Kila asubuhi kikao kwenye hoteli ya Serena, mlango wazi, anayetaka aingie.

Wakatumia simu hizo hizo ambazo wengine walikuwa wanasambazia chuki. Ujumbe mfupi unaingia kutoka mikoani: hapa wanakusanyika, hapa wamechoma, hapa barabara imefungwa. Wakawa wanaandika sehemu zinazowaka, lakini pia zile zilizotulia. Zile tulivu Dekha alizitilia maanani sana. Wote tunakimbilia moto, nani anauliza kwa nini mtaa ule haukuungua?

Mazungumzo ya wakubwa aliyasimamia Kofi Annan, mkataba ukatiwa saini 28 Februari 2008. Waliouawa walipita 1,100 na waliofukuzwa makwao ni laki kadhaa. Sisemi Dekha aliizima Kenya peke yake, na yeye mwenyewe asingekubali useme hivyo. Nasema siku zile mbaya kulikuwa na mlango mmoja wazi asubuhi, na miongoni mwa waliokaa hapo kufungulia watu alikuwepo aliyejifunzia kwenye soko la maziwa.

Julai 2011 alikuwa safarini kwenda Garissa, kwenye shughuli ya amani tena. Ajali ya gari. Mume wake na dereva walifariki. Yeye alipelekwa hospitali Nairobi, akafuata tarehe 14 Julai. Miaka 47.

Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un.

Nyundo

Basi nimekaa chini. Ile ya swali la ndugu zako wote kuuawa imenikalia vibaya. Mimi nisingejiunga.

Jirani Yako

Mleta uzi, hongera, umeandika kwa kalamu nzito. Mimi niko mtaa huo huo na harusi hiyo nilikuwepo. Sasa waambie wana jamvi na hili: katika yale masufuria mawili, wewe ulikuwa unakoroga lipi?

Kaa Mkekani

😳 Naongeza sukari kwenye chai.

BintiNgamiani

Jirani, nilijua utakuja.

La kulia. La karibu na banda la kuku. Tena mwiko nilishika mimi.

Haya, niseme. Upatu wetu ulikuwa wa watu ishirini, elfu kumi kumi kwa wiki. Zamu yangu ilirukwa. Kijumbe alisema mgonjwa alikuwa na shida kubwa kuliko yangu, akampa laki mbili zangu bila kuniuliza. Nilimwambia maneno sokoni mbele ya wateja wake, maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Hela nilikuja kulipwa, wiki tatu baadaye, yote. Kwa hiyo hela si kitunguu, ni ganda. Kilicho ndani ni kwamba hakuniuliza. Na kwake yeye nadhani kilicho ndani ni vile nilivyomwita mbele za watu, mama mtu mzima mwenye wajukuu.

Watu tisa wakaja upande wangu, nikawaacha waje. Ilikuwa tamu, msinione mwema.

Somo wa Chumbageni

Shoga yangu. Sasa mzee wa ukoo mdogo hapo mtaani kwenu ni nani?

BintiNgamiani

Yupo mmoja. Muuza kahawa, kahamia juzijuzi tu, hana ndugu hapa na hacheki na upande wowote. Nilimfuata jana na kadhia yangu. Akanimiminia kikombe, akaniuliza: mpaka sasa nani amefaidika? Wallahi sijamsimulia Dekha hata neno.

Nikafikiri sana. Aliyefaidika ni mwenye kukodisha masufuria.

Mzee wa Deep Sea

😂 Na mwenye kuni.

Jirani Yako

Harusi nyingine ni Jumamosi ijayo, kwa wale wa barabara ya juu. Kijumbe kaitwa apike. Na wewe umeitwa.

BintiNgamiani

Najua. Nimemwandikia leo baada ya adhuhuri. Niliandika kirefu nikafuta, nikaandika tena nikafuta. Mwisho nimetuma hivi: "Shikamoo mama. Jumamosi nitakuja na mwiko mmoja. Ukipenda ushike wewe, mimi nimenye vitunguu."

Tiki mbili za bluu tangu saa tisa. Hajajibu.

Saa hizi naloweka mchele wa vitumbua vya kesho. Simu iko juu ya kinu, kioo kimeangalia juu.